Krismasi Haiji kwa Ghafula

SIKUKUU ya Idd hungoja mwandamo wa mwezi, na Mwislamu hata awe makini namna gani hawezi kuapa mwezi mzima kabla kwamba itaangukia Jumatatu au Jumanne. Krismasi haina shaka ya namna hiyo. Tarehe 25 Desemba imo katika kila kalenda iliyotundikwa ukutani tangu Januari. Hata hivyo, kila mwaka ifikapo wiki ya tatu ya Desemba, watu wengi katika miji ya Tanzania huhangaika kana kwamba sikukuu hiyo ilitangazwa redioni usiku wa jana. Vituo vya mabasi hufurika, masoko hayapitiki, mafundi cherehani hawalali, na ndani ya nyumba baba na mama hugombania fedha ambazo kwa kweli hazipo.

Wapo wanaolichukua jambo hili kuwa la kawaida, hata wakalicheka. Likitazamwa kwa makini halichekeshi. Haraka ya Desemba hulipiwa na watu, tena kwa bei kubwa. Huilipia mtoto anayefika shuleni Januari bila daftari, mkulima anayekosa mbegu wakati mvua imekwisha kunyesha, abiria anayemkabidhi maisha yake dereva asiyelala, na mama mzee wa kijijini anayemaliza miaka bila kumwona mwanawe. Kwa hiyo yafaa haraka hii ichunguzwe: inatoka wapi, inamnufaisha nani, na inaweza kuondolewa namna gani.

HAITOKANI NA UHABA

Wazee wanaikumbuka vizuri miaka ya mwanzo ya 1980, uchumi wa nchi ulipokuwa umeelemewa na gharama za vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na bei kubwa ya mafuta. Sukari, sabuni na khanga vilikuwa vitu adimu. Foleni zilianza alfajiri, na aliyelazimika kuondoka kidogo aliweka jiwe au kikapu kushika nafasi yake. Walanguzi walificha bidhaa ili waziuze kwa bei ya kuruka, mpaka mwaka 1983 Serikali ikaendesha msako mkali dhidi yao, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine. Katika siku zile haraka ilikuwa na sababu, kwa maana aliyechelewa hakupata kitu. Lakini dhiki ile ile iliwafundisha watu kujipanga. Mama aliyetaka watoto wake wanywe chai yenye sukari siku ya Krismasi aliianza akiba yake mapema, kikombe kwa kikombe, akaificha mahali ambapo hata mumewe hakupajua.

Leo maduka yamejaa. Sukari ipo, mchele upo, na khanga zimetundikwa mpaka barazani. Kama haraka ingekuwa inatokana na uhaba, ingalikwisha zamani. Haikwisha. Ni dhahiri basi kwamba chanzo chake ni mazoea ya kuahirisha mambo, pamoja na taratibu za kazi zinazowafanya watu wote walitende jambo moja katika siku moja.

Mazoea haya hayakurithiwa kutoka kwa mababu. Mbege, kinywaji cha heshima katika mkoa wa Kilimanjaro, ni ushahidi wa kutosha. Hakuna anayeamka asubuhi akaitaka mbege, akainywa adhuhuri. Ulezi huoteshwa, hukaushwa na kusagwa. Ndizi hungojwa ziive, hupikwa na kuachwa zichachuke. Ndipo vitu hivyo viwili huunganishwa. Mwenye sherehe aliyekosea hesabu ya siku aliwaaibisha wazee wa ukoo wote. Waliofanya kazi hiyo vizazi na vizazi hawakuwa na kalenda ya ukutani, lakini walijua kuhesabu siku kurudi nyuma tokea ile ya sherehe mpaka ile ya kuanza kazi. Ujuzi huo ndio uliopotea mjini.

INAMNUFAISHA NANI

Haraka ya mtu mmoja ni faida ya mwingine, na hili huonekana wazi zaidi katika safari. Kila Desemba watu hutoka Dar es Salaam kwa wingi kwenda mikoani, na msafara wa kwenda Kilimanjaro umekuwa maarufu kuliko yote. Kutoka kituo cha mabasi cha Magufuli kilichopo Mbezi hadi Moshi ni safari ya zaidi ya kilomita 500, kwa njia ya Chalinze, Segera, Korogwe na Same. Katika wiki za kawaida abiria huchagua basi analolitaka. Tarehe 22 na 23 Desemba basi ndilo humchagua abiria.

Hapo ndipo mlanguzi wa tiketi anapojitokeza. Yeye hana basi, hana karakana, wala hajawahi kumlipa dereva mshahara. Mtaji wake ni mmoja tu, nao ni wasiwasi wa mtu aliyesimama na mizigo, mke na watoto, giza likiingia. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ndiyo inayopanga viwango vya juu vya nauli za mabasi, na abiria anayo haki ya kudai tiketi halali iliyoandikwa nauli aliyolipa. Lakini haki hiyo humfaa mwenye nafasi ya kusema, "Sipandi, nitaondoka kesho." Aliyebakiwa na usiku mmoja tu hana sauti. Atalipa alichotajiwa, na wakati mwingine atalipa ili asimame.

Gharama kubwa zaidi haiandikwi katika tiketi. Abiria wanapokuwa wengi kupita kiasi, mwenye gari hushawishika kumtaka dereva afike, ageuze, na arudi kuchukua wengine bila ya kulala. Mwili wa binadamu hauna msimu wa sikukuu. Usingizi huja palepale ulipozoea kuja, awe mtu kitandani au kwenye usukani. Dereva anayesinzia huku amebeba familia 50 si shujaa wa kazi, na mwajiri aliyemtuma katika hali hiyo hastahili kusifiwa kuwa mchapa kazi. Abiria nao wasimshangilie dereva kwa mwendo wa kasi, kisha wakamlaumu wakiwa hospitali.

Serikali imeongeza njia za usafiri. Desemba 2019 treni ya abiria ilirejea Moshi baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya marufuku iliyodumu tangu miaka ya 1990. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma. Hizi ni hatua kubwa. Lakini hakuna nchi inayoweza kuwa na mabasi na mabehewa ya kuwatosha watu wote walioamua kuondoka siku moja, kisha yakakaa bure siku 360 zinazobaki. Namba ya mabasi haitoshi kuondoa msongamano huu. Sharti safari zenyewe zigawanywe.

Hapa wajibu si wa msafiri peke yake. Mwajiri anayetia saini fomu za likizo za wafanyakazi wake wote adhuhuri ya tarehe 23 ndiye anayewapeleka mikononi mwa walanguzi. Kiwanda, ofisi au duka likipanga likizo kwa zamu tangu Oktoba, wengine wakaondoka tarehe 15 na wengine baada ya Mwaka Mpya, kazi haitasimama na wafanyakazi watasafiri kwa nauli halali. Utaratibu huo haugharimu hata senti. Hutaka kikao kimoja na karatasi moja ya majina.

KITAMBAA CHA TAREHE 20

Kuna fundi cherehani katika kila mtaa ambaye Desemba hulaaniwa na nusu ya wateja wake. Watoto wa Tanzania wamezoea kuvaa nguo mpya siku ya Krismasi, na ni desturi njema. Lakini kitambaa kilichonunuliwa tarehe 20 hufikishwa kwa fundi pamoja na vingine vya mtaa mzima. Fundi, kwa kuogopa kumpoteza mteja, huvipokea vyote na kuwaahidi wote. Usiku wa tarehe 24 mama huketi kwenye benchi, mtoto amemlalia mapajani, akingoja gauni ambalo bado halijatiwa mikono. Gauni hilo hutoka likiwa limeshonwa ovyo, na bei yake ni ileile.

Katika ugomvi huo wote wawili wana makosa. Mteja alichelewa, na fundi aliahidi asichokiweza. Fundi anayejiheshimu angehesabu: nguo ngapi kwa siku, siku ngapi zimebaki, na akifikia kikomo aseme kwamba hapokei tena. Mteja anayejiheshimu angepeleka kitambaa Novemba, vipimo vikaachwa na upindo wa kutosha, maana mtoto hukua. Kusema "hapana" mapema ni uungwana kuliko kusema "ndiyo" na kumliza mtoto asubuhi ya sikukuu.

DESEMBA INAPOILA JANUARI

Hesabu ya mwisho wa mwaka huwakosesha wengi usingizi kwa sababu haifanywi mpaka fedha imekwisha. Mshahara wa Desemba mara nyingi hutolewa kabla ya sikukuu. Mfanyakazi aliyelipwa tarehe 20 Desemba, na ambaye mshahara wa Januari utamfikia tarehe 28, ana siku 39 za kuishi kwa fedha ya mwezi mmoja. Yeye huiona fedha imekuja mapema na kufurahi kana kwamba imeongezeka. Haikuongezeka. Zilizoongezeka ni siku.

Januari ina madai yake. Ni kweli kwamba tangu 2016 ada ilifutwa katika shule za Serikali hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ilifutwa pia kwa kidato cha tano na cha sita. Hata hivyo sare hazikufutwa, wala viatu, wala madaftari, wala nauli ya mtoto aliyepangiwa shule ya mbali. Mwenye nyumba naye hungoja kodi, na mjini wengine huidai ya miezi sita kwa mara moja. Baba aliyenunua kreti za soda na bia kwa marafiki tarehe 25, kisha tarehe 8 Januari akamwambia binti yake aliyechaguliwa kidato cha kwanza angoje kwanza, amefanya karamu kwa kutumia haki ya mtoto huyo. Marafiki waliokunywa hawatakuja kumnunulia viatu.

Kwa mkulima hatari ni kubwa zaidi. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma, Singida, Iringa, Mbeya na Ruvuma, Krismasi huangukia wakati wa kupanda na kupalilia. Fedha iliyopo ndani ndiyo mbegu, ndiyo mbolea, ndiyo vibarua. Mkulima anayeiuza mbegu au kuikopea sikukuu huula mwaka mzima ujao katika sahani moja ya pilau. Mvua haitamngoja mpaka apate nyingine.

Vikundi vya kuweka na kukopa vimekuwa msaada mkubwa kwa wananchi wa hali ya chini. Kasoro moja ni kwamba vingi huvunja mzunguko na kugawana fedha Desemba, wakati vishawishi vimejaa kila upande. Vipo vikundi vinavyoweza kujiamulia jambo rahisi: kabla ya kugawana, kila mwanachama ataje mahitaji yake ya shule na shamba, fungu hilo litengwe, na litolewe wiki ya kwanza ya Januari. Mtu mmoja hushindwa kuizuia fedha yake, lakini watu 30 waliokubaliana huzuiana. Kikundi hichohicho kinaweza kununua mchele kwa magunia baada ya mavuno, bei ikiwa nafuu, na kuugawa kwa kilo Desemba. Huko ndiko kujitegemea kwa vitendo.

Wapo watakaosema kwamba mipango ni ya wenye mishahara, na kwamba kabwela anayekula alichopata leo hana cha kupanga. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na haifai kupuuzwa. Lakini ikumbukwe kwamba tajiri akikosa mpango hufunika kosa lake kwa fedha. Kabwela akikosa mpango hana cha kulifunikia. Mchuuzi anayeweza kutenga shilingi 500 kila siku tangu tarehe 1 Septemba, ifikapo tarehe 20 Desemba atakuwa na shilingi 55,500. Si nyingi, lakini ni mchele, mafuta, kuku, na daftari kadhaa, bila ya deni. Kwa yule asiyeweza hata hizo 500, dawa haipo katika hesabu. Ipo katika ujirani, na katika kuondoa aibu isiyo na msingi inayoelezwa hapa chini.

MAMA NAYE NI MTU WA SIKUKUU

Katika nyumba nyingi neno "mapumziko" siku ya Krismasi humhusu kila mtu isipokuwa mmoja. Mama huamka kabla ya jogoo, huchota maji, hubandika maharage, hukaanga vitunguu vya pilau, huwaogesha watoto, hukimbilia ibada na kurudi jikoni. Wageni wakiondoka jioni wakiisifu nyumba, yeye hajakaa. Haraka yote ya familia imemwangukia mabegani.

Mpango mzuri wa nyumba ni ule unaozigawa kazi kwa majina. Mchele huchambuliwa siku mbili kabla, na hata mtoto wa miaka minane anaweza kuuchambua. Kuni hupasuliwa na maji hujazwa tangu tarehe 23, na mikono ya kijana wa kiume haitakatika kwa kuosha sufuria. Baba anayejua kuongoza mkutano wa kijiji hashindwi kuongoza kikao cha dakika kumi cha jamaa yake. Nyumba iliyofanya hivyo haihitaji kelele, na asubuhi ya sikukuu mama ataketi pamoja na wengine.

Majirani nao wana nafasi yao katika utulivu huu. Katika mitaa mingi mnyama wa Krismasi huchinjwa na Mwislamu ili sahani iweze kwenda kila mlango, kama vile sahani za Idd zinavyokuja. Jirani huyohuyo ndiye atakayeitazama nyumba iliyofungwa. Anayesafiri aage, aache namba yake ya simu, na amjulishe mwenyekiti wa mtaa. Mwizi huipenda nyumba ambayo mwenyewe aliondoka usiku kwa pupa bila ya kumwambia mtu.

ANAYENGOJEWA NI MTOTO

Limebaki jambo lililo zito kuliko nauli na mchele. Wapo watu mjini ambao hawajafika kwao kwa miaka mingi, na sababu wanayoitoa ni kwamba bado hawajajipanga. Maana yake ni kwamba hawana cha kubeba. Wamewaona wenzao wakiwasili kijijini na magari, mashuka na mifuko ya sukari, na wanaona haya kushuka kwenye basi na mfuko mmoja. Basi huahirisha mwaka huu, na mwaka ujao huahirisha tena. Siku moja simu hupigwa, na safari iliyoshindikana kwa miaka kumi kwa kukosa fedha hupatikana usiku mmoja kwa mchango wa mazishi.

Aibu hii imepandwa na kumwagiliwa na jamii yenyewe. Jirani anayeuliza "Ameleta nini?" kabla ya kuuliza "Hajambo?" amechangia. Ndugu anayejitapa kwa vitu alivyovikopa amechangia zaidi, kwani huwadanganya wasiokuwa navyo kwamba mjini kuna neema ambayo hata yeye haipati. Mzazi mwenyewe, akiulizwa kwa siri, atasema kwamba sukari huisha baada ya wiki mbili, lakini kumwona mwanawe ameketi kwenye kigoda jikoni, akila ndizi na kusimulia habari zake, ni chakula cha mwaka mzima.

Kwa hiyo kujipanga kwa kweli huanza kwa kupima sikukuu yenyewe. Mwenye uwezo mdogo afanye sikukuu ndogo, bila ya kuomba radhi kwa mtu. Anayeweza kulipa nauli ya kwenda na kurudi na hana zaidi, aende. Asiyeweza kwenda Desemba aende Februari, nauli ikiwa ya kawaida na barabara zikiwa tupu, kwani mama hana msimu. Wazee wa ukoo na viongozi wa dini wanaokutana na watu wengi katika siku hizi wana nafasi nzuri ya kulisema jambo hili waziwazi, ili kijana asiye na kitu ajue kwamba mlango uko wazi.

Krismasi ijayo tarehe yake inajulikana. Likizo inaweza kuombwa Oktoba, tiketi kukatwa Novemba, kitambaa kupelekwa kwa fundi kabla ya foleni, fedha ya shule na mbegu kutengwa kabla ya ya pilau, na kazi za nyumbani kugawanywa kwa kila mwenye mikono. Waajiri wapange zamu, wenye mabasi wawapumzishe madereva, na wanaosimamia usafiri wawabane walanguzi bila ya huruma. Kila mmoja akitimiza sehemu yake, asubuhi ya tarehe 25 itawakuta watu wameketi, wametulia, na hakuna anayedaiwa. Mpango huo uanze kuandikwa sasa, wakati siku bado ni nyingi.